Gharama za Mirathi: Mali ya Marehemu Isiishie Njiani

Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa watu wa mjini Kisumu na wa pwani ya Ziwa Victoria

Mtu akifariki Nairobi au Mombasa, na kwao ni Asembo, Uyoma, Nyakach au Kisiwa cha Rusinga, watu wake hawalali. Daftari la michango hufunguliwa siku ile ile. Wenzake wa kazini hutoa, wa kanisani hutoa, wa ukoo hutoa, na kamati hukaa kila jioni kuhesabu. Jeneza hununuliwa, gari la kuchukua maiti hukodiwa, turubai hupigwa uani, ng'ombe huchinjwa, na marehemu huzikwa kwa heshima katika boma lake. Hayo ni mema, wala hapana mtu mwenye busara awezaye kuyalaumu.

Lakini wageni wakisha kuondoka na turubai kukunjwa, daftari lile hufungwa. Aghalabu hapana aliyeandika ndani yake hata shilingi moja kwa ajili ya karatasi za mirathi. Mjane hubaki na shamba ambalo hati yake ina jina la mtu aliye kaburini, na akaunti ya benki asiyoweza kuigusa, na mashua ufukoni ambayo kila shemeji adai kuwa alishirikiana na marehemu kuinunua. Baada ya miezi michache ada ya shule yatakiwa, ndipo aulizapo: kufuata mirathi mahakamani ni gharama gani? Na jibu apewalo njiani mara nyingi ni la kumtisha, kwamba mahakama italila shamba lote.

Shabaha ya mazungumzo haya ni kuonyesha ya kwamba sivyo. Njia ya mirathi ina gharama zake, lakini gharama za halali zajulikana, zina mpango, na sheria yenyewe imeamuru zilipwe kutoka katika mali ya marehemu. Kinacholila shamba ni kuchelewa, kuficha warithi, na kugombana.

KARATASI ILIVYOINGIA SHAMBANI

Zamani, katika nchi ya Wajaluo, wazee ndio waliokuwa daftari. Walijua mipaka kwa miti na kwa mawe, na mtu alipokufa wanawe walikaa kila mmoja upande wa nyumba ya mama yake. Haikuhitajika karatasi, kwa kuwa hapana aliyeweza kuuza bila ukoo kujua.

Mambo yaligeuka ardhi ilipoanza kupimwa na kuandikishwa. Shauri hilo lilitiwa nguvu na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na baadaye Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa ya mwaka 1963 ikampa mwenye jina katika daftari haki ya kuhesabiwa kuwa ndiye mwenye ardhi. Mashamba mengi ya Nyanza yaliandikishwa katika miaka ya 1960 na 1970, na jina lililoandikwa lilikuwa, mara nyingi, la mzee wa boma.

Mzee yule amekufa. Wanawe nao wengi wamekufa, na wajukuu wana mvi. Lakini katika daftari la msajili wa ardhi jina ni lile lile. Wajukuu hulima, hujenga na kuzika katika ardhi hiyo, lakini hawawezi kuiweka rehani, hawawezi kuigawa kwa hati, na ikiwa barabara yapita hapo na fidia yatolewa, hawawezi kuipokea kwa urahisi, maana kwa karatasi ardhi bado ni ya mtu aliyekufa.

Mwaka 1967 Serikali iliweka tume, mwenyekiti wake akiwa Humphrey Slade, ili kuchunguza sheria mbalimbali za urithi zilizokuwa zikitumika nchini. Tume ilitoa taarifa yake mwaka 1968, Bunge likapitisha Sheria ya Urithi mwaka 1972, na sheria hiyo ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Mtu aliyekufa kabla ya tarehe hiyo, haki za warithi wake hupimwa kwa sheria na desturi za wakati alipokufa, lakini mwendo wa kusimamia mali yake hufuata, kadiri iwezekanavyo, sheria hii mpya. Kwa hiyo hapana familia iliyochelewa hata mlango ukafungwa kabisa. Imechelewa tu hata gharama zikaongezeka, kama itakavyoelezwa.

Waislamu wa Kisumu na kwingineko hugawiwa kwa sheria ya dini yao, na wao wanayo mahakama ya Kadhi.

KAZI YA HATI YA MIRATHI

Sheria yakataza mtu ye yote kuishika, kuiuza au kuitumia mali ya marehemu kana kwamba ni yake kabla ya kupewa mamlaka. Afanyaye hivyo aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka 1, au yote mawili, tena atadaiwa alichokichukua. Sharti hili lamlinda mjane asinyang'anywe mashua na ng'ombe siku ya matanga, na lawalinda watoto vile vile mama au kaka mkubwa asiuze shamba kwa siri.

Mamlaka yenyewe ni hati itolewayo na mahakama. Marehemu akiwa ameacha wosia na kumtaja wasii, wasii ndiye aombaye uthibitisho wa wosia. Akiwa hakuacha wosia, mmoja au zaidi wa jamaa zake wa karibu huomba hati ya usimamizi wa mirathi. Wasimamizi hawazidi 4, na pakiwapo watoto wadogo ambao mali yao yapaswa kutunzwa, sheria yataka wasimamizi wasiopungua 2. Msimamizi ni mtumishi wa warithi wote, wala hapewi shamba kwa kuwa jina lake limeandikwa katika hati.

NJIA NA GHARAMA ZAKE

Safari huanza kwa cheti cha kifo. Mtu akifia hospitali, kifo huandikwa pale. Akifia nyumbani, habari hupelekwa kwa naibu wa chifu. Ada ya cheti ni ndogo. Lakini familia nyingi huacha jambo hili kwa miaka, na wakati waliokuwapo wamekufa na kibali cha mazishi kimepotea, kupata cheti kwahitaji viapo na safari nyingi. Hapa gharama ya kwanza yaongezeka mara kadhaa kwa uvivu tu.

Ya pili ni barua ya chifu, ielezayo marehemu alikuwa nani na warithi wake ni akina nani, wake kwa waume. Barua hii ni kazi ya utumishi wa umma, si bidhaa ya kuuzwa. Yafaa familia ikae kwanza na kukubaliana majina yote kabla ya kwenda kwa chifu, maana jina likikosekana katika barua hii, kosa hilo litaifuata familia mpaka mwisho.

Ya tatu ni uchunguzi katika daftari la ardhi, ili ijulikane kama shamba lingali katika jina la marehemu, na kama lina deni au zuio. Ada yake nayo si kubwa.

Ya nne ni ombi lenyewe mahakamani. Kuna fomu ya ombi, kiapo cha kueleza habari za marehemu, warithi na mali, karatasi ya idhini ya warithi wengine, na mara nyingi wadhamini. Kuna ada ya kuweka ombi na ada ya kuapa. Mrithi mmoja akiwa mbali, au akikataa kutia sahihi kwa chuki, ombi halifi. Mwombaji aweza kueleza hali hiyo katika kiapo, na mahakama ina njia ya kumwita yule mwingine aje aseme neno lake.

Ya tano ni tangazo. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo hutoka siku ya Ijumaa, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Muda uwekwao haupungui siku 30. Ada ya tangazo hulipwa na mwombaji. Ikiwa hapana pingamizi, mahakama hutoa hati.

Ya sita ni kuthibitisha hati. Baada ya miezi 6 tangu hati kutolewa, wasimamizi hurudi mahakamani na orodha ya mgawanyo: nani apata nini, na kwa kiasi gani. Mahakama yaweza kuruhusu mapema ikiona kuna sababu ya haki. Kabla ya uthibitisho huu ardhi haigawanywi wala haiuzwi. Wengi hukosa hapa. Wakisha kupata hati ya kwanza hudhani wamemaliza, huiweka sandukuni, na miaka 15 baadaye mmoja wa wasimamizi amekufa na kazi yaanza upya.

Ya saba ni afisi ya ardhi. Wasimamizi huandikishwa kwanza, kisha hupitisha ardhi kwa warithi. Hapa ndipo familia inapopaswa kufikiri sana, maana mara nyingi ndipo palipo na gharama kubwa kuliko zote za mahakama. Ardhi ikipita kwa warithi ikiwa kipande kimoja, kila mtu akiandikwa na sehemu yake katika hati moja, haihitajiki idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Lakini ikigawanywa vipande viwili au zaidi vyenye hati mbalimbali, idhini ya bodi yatakiwa, mpima ardhi aitwa, mawe ya mipaka yawekwa, ramani yabadilishwa, na kila kipande chalipiwa hati yake. Familia ya watu 8 wenye ekari 3 wakitaka hati 8, watalipa mara 8 kwa vipande ambavyo havimtoshi mtu hata kulima. Wakikubali hati moja yenye majina 8, wamehifadhi fedha na shamba pamoja.

Tena ijulikane ya kwamba ile kodi ya Serikali iliyokuwa ikitozwa juu ya mali ya marehemu ilifutwa mwaka 1982. Mtu akija bomani na kudai "kodi ya mirathi", ni mdanganyifu.

GHARAMA HULIPWA NA NANI?

Jibu la swali hili huwatuliza wengi. Sheria ya Urithi, katika kifungu cha 83, yaeleza kazi za msimamizi. Kwanza alipe kutoka katika mali ya marehemu gharama za mazishi ya kadiri. Alipe vile vile gharama za kupata hati na gharama nyingine za haki za kusimamia mali. Alipe madeni ya marehemu. Kisha ndipo agawe kilichobaki.

Maana yake ni kwamba mjane aliyeuza mbuzi wake ili alipe ada ya mahakama hakuutoa mbuzi huo sadaka. Ameikopesha mali ya marehemu, naye anayo haki ya kurudishiwa kabla ya mali kugawanywa. Lakini atarudishiwa kwa ushahidi. Kwa hiyo kila risiti na iwekwe: ya cheti, ya ombi, ya tangazo, ya kiapo, ya uchunguzi wa ardhi. Nauli na iandikwe katika daftari pamoja na tarehe. Na yule adaiye fedha pasipo kutoa risiti asilipwe, hata kama amesimama mlangoni pa afisi ya Serikali na kushika kalamu.

Yaangaliwe pia lile neno "mazishi ya kadiri". Sheria haimpi mtu ruhusa ya kuchinja ng'ombe wote wa marehemu na kukopa dukani kwa ajili ya turubai, halafu kuwaachia watoto deni. Mazishi yenye fahari kuliko uwezo wa boma ni gharama ya mirathi vile vile, ijapokuwa haiitwi hivyo.

HESABU IZUIAYO UGOMVI

Ugomvi mwingi hutokea kwa sababu watu hawaijui hesabu ya sheria. Marehemu akiacha mke mmoja na watoto bila wosia, mke hupata vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, na mali iliyobaki huitumia maisha yake, lakini hawezi kuuza shamba kwa shauri lake peke yake. Yeye akifa, mali huwaendea watoto kwa sehemu sawa. Sheria haisemi mtoto wa kiume. Husema mtoto. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani, katika shauri lijulikanalo kama Rono dhidi ya Rono, iliwapa haki mabinti ambao walikuwa wamepunguziwa kwa sababu wataolewa. Katiba ya mwaka 2010 nayo yakataza ubaguzi wa wanawake katika mambo ya ardhi.

Pakiwa na wake wengi, hesabu hutazama nyumba. Na ichukuliwe mfano wa mtu aliyeacha ekari 9 na wake wawili. Nyumba ya Mikayi ina watoto 5, nyumba ya Nyachira ina watoto 2. Kila mke huhesabiwa kama mtu mmoja zaidi katika nyumba yake. Basi nyumba ya kwanza ina watu 6, ya pili ina watu 3, jumla 9. Nyumba ya kwanza yapata ekari 6, ya pili ekari 3. Wale waliotazamia nusu kwa nusu watanung'unika, na wale waliotaka Mikayi achukue karibu yote watanung'unika pia. Lakini wakiijua hesabu hii kabla ya kwenda mahakamani, hawatawalipa mawakili wawili kwa miaka mitano ili kuambiwa jambo lile lile.

Na kuhusu desturi ya ter, ambayo mjane hukaa chini ya ulinzi wa ndugu wa marehemu, yapasa ieleweke ya kwamba ndugu huyo hawi mrithi wa shamba kwa sababu hiyo. Mali ni ya mjane na watoto kwa kadiri ya sheria.

VITU VIZIDISHAVYO GHARAMA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kwanza ni kumficha mrithi. Ndugu wawili wa kiume huweza kwenda mahakamani wakaapa kwamba wao tu ndio watoto, wakiwaacha dada zao walioolewa Kano na Alego, au mtoto wa nje ambaye marehemu alimlea. Hati itatolewa. Lakini sheria huruhusu hati kufutwa wakati wo wote ikionekana kuwa ilipatikana kwa kuficha jambo kubwa au kwa uongo. Ada zote zilizolipwa zapotea, aliyenunua kipande ajikuta mahakamani, na mwanzo hurudiwa. Kumwita dada kutoka Alego ni nauli ya siku moja. Kumficha ni gharama ya miaka.

Ufa wa pili ni kuchelewa. Mtu mmoja akifa na kuacha watoto 6, warithi ni hao na mama yao. Ikikawia mpaka watoto watatu wafe, mirathi si moja tena. Ni nne, kila moja na vyeti vyake, warithi wake na ada zake, na wajukuu wametawanyika kutoka Mbita mpaka Mombasa.

Ufa wa tatu ni kesi ya chuki. Mashauri makubwa ya Kenya yaonya. Mbiyu Koinange, aliyekuwa waziri, alifariki mwaka 1981, na mirathi yake ikabishaniwa mahakamani kwa zaidi ya miaka 30. Alikuwa na mali nyingi, kwa hiyo ilikuwapo ya kupigania. Mtu mwenye ekari 4 kando ya ziwa hana cha kulisha kesi ya namna hiyo hata miaka 3.

Na watu wa Siaya hawajasahau habari za wakili S. M. Otieno, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, na ukoo wake wa Umira Kager walibishana mahakamani juu ya mahali pa kumzika, mpaka akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Mwili ulikaa zaidi ya miezi 5. Ugomvi ule ulikuwa wa kaburi, si wa shamba, lakini fundisho lake ni moja na hili: hata mtu aliyeijua sheria maisha yake yote, asipoacha neno lililoandikwa, watakaokuja nyuma watalitafuta neno hilo kwa gharama kubwa.

NJIA ZA KUPUNGUZA GHARAMA

Ya kwanza ni kwenda mahakama iliyo karibu. Zamani hakimu hakuweza kushughulikia mali iliyozidi thamani ya shilingi 100,000, na kwa hiyo hata mirathi ya shamba la kawaida ililazimika kupelekwa Mahakama Kuu. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015 ilibadili jambo hilo. Hakimu Mkazi aweza kusikiliza mirathi ya mali isiyozidi shilingi milioni 5, na kiasi hupanda kwa cheo mpaka Hakimu Mkuu, ambaye mpaka wake ni shilingi milioni 20. Mashamba mengi ya vijijini yamo ndani ya kiasi hicho. Basi mtu wa Usenge si lazima apande gari mpaka Kisumu. Bondo ipo mahakama. Maseno ipo, Nyando ipo, Mbita ipo, Oyugis ipo. Na Mahakama Kuu yenyewe haiko Kisumu peke yake, ipo Siaya, Homa Bay na Migori pia.

Ya pili ni kujua kwamba sheria haimlazimishi mtu kuwa na wakili. Mirathi isiyo na ugomvi yaweza kufuatwa na mwombaji mwenyewe. Akimtaka wakili, ujira wa wakili una kiwango kilichowekwa kwa amri na hutegemea thamani ya mali. Yafaa kupatana mapema, kwa maandishi, na kuuliza kama bei hiyo inafika mpaka uthibitisho na uhamisho wa ardhi, au yaishia hati ya kwanza tu.

Ya tatu ni msaada. Mali ikiwa ndogo, Mdhamini wa Umma, ambaye ni afisa wa Serikali, aweza kuisimamia kwa njia fupi. Wasio na uwezo waweza kuomba Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Chama cha mawakili wanawake, FIDA Kenya, kina afisi Kisumu, na wajane wengi wamesaidiwa nacho. Na familia ikigombana, upatanishi ulio chini ya mahakama, ambao ulianza Nairobi mwaka 2016 na kisha kuenezwa katika miji mingine pamoja na Kisumu, huwaweka watu mezani mbele ya mpatanishi badala ya kuwaacha wavutane mbele ya jaji. Wakipatana, makubaliano yao huwa amri ya mahakama.

Ya nne ni kazi ya mtu angali hai. Fedha za chama cha akiba na za malipo ya uzeeni mara nyingi humwendea yule aliyeandikwa katika fomu, basi kila mtu na aitazame fomu yake, asije akawa alimwandika marehemu mamaye miaka 20 iliyopita. Mume na mke wakiandikisha kiwanja kwa umiliki wa pamoja usiogawanyika, mmoja akifa jina lake hufutwa kwa kuonyesha cheti cha kifo, na mwenzake hubaki na ardhi pasipo mirathi.

Na mtu na aandike wosia. Wosia wa maandishi wataka sahihi ya mwenyewe na mashahidi wasiopungua wawili. Yafaa mashahidi wasiwe warithi, maana mrithi akiwa shahidi, sheria yataka mashahidi wengine wawili wasiohusika, la sivyo zawadi yake yaweza kupotea. Wosia wa mdomo hukubaliwa ukisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji akafa kabla ya miezi 3 kupita. Lakini maneno hupeperuka, na shahidi naye hufa. Wako waaminio kwamba kuandika wosia ni kujiitia mauti. Wote walioandika na wasioandika watakufa. Tofauti ni hali ya watakaobaki.

JAMBO LA KUFANYA SIKU YA MATANGA

Familia na kamati za mazishi za pwani ya Ziwa waweza kuanza desturi moja mpya isiyovunja desturi ya zamani. Daftari la michango likifunguliwa, ukurasa mmoja na uandikwe "Karatasi". Kabla ya kukodi turubai la pili, fungu dogo na litengwe kwa cheti cha kifo, uchunguzi wa ardhi, ombi na tangazo. Na kabla ya watu wa ukoo kutawanyika baada ya maziko, wakiwa bado wote pamoja, wanaume na wanawake, walioolewa na wasioolewa, majina yote ya warithi na yaandikwe mbele yao, na watu wawili wanaoaminiwa wachaguliwe kuwa wasimamizi. Siku hiyo warithi hawalipi nauli ya kukutana, kwa kuwa wamekwisha kukutana. Mwaka mmoja baadaye, kuwakusanya watu hao hao kwaweza kugharimu kuliko ada zote za mahakama.

Marehemu amechukuliwa mpaka bomani kwake, hakuachwa njiani. Na mali yake nayo ichukuliwe mpaka mikononi mwa mjane na watoto wake.